Msafiri na Mkaaji: Maafa ya Mwambao wa Ziwa Tanganyika katika Maandishi

Neno vita halina umoja katika Kiswahili. Kitu ni kimoja na vitu ni vingi, kiti ni kimoja na viti ni vingi, lakini hapana asemaye kita. Hata mapigano ya asubuhi moja baina ya vijiji viwili huitwa vita, na upatanisho wa kisarufi hufuata wingi, ijapokuwa siku hizi husikika mitaani, na hata kusomwa magazetini, vita hii. Haifai kuijengea ngeli ya nomino falsafa kubwa. Walakini kanuni hii ndogo yaweza kumkumbusha mhakiki jambo moja azisomapo habari za maafa yaliyoupata mwambao wa Ziwa Tanganyika, yaani Ujiji, Kigoma na vijiji vilivyo kaskazini hata Kagunga: ya kuwa katika kila vita vilivyosimuliwa huko palikuwa na vingine vilivyopiganwa wakati ule ule, juu ya watu wale wale, na msimuliaji hakuvitaja.

Msamiati wa maafa nao wastahili kutazamwa kabla ya vitabu. Msiba ni neno la asili ya Kiarabu, na maana yake ya mwanzo ni kitu kilichofika kwenye shabaha, kama ufikavyo mshale. Balaa kwa asili ni jaribio. Maafa yametokana na neno la Kiarabu la uharibifu na pigo, nayo Kiswahili kimeyapa kiambishi cha wingi yakakaa pamoja na maji na mafuta. Kiama ni kusimama kwa wafu. Maneno haya yote yana tabia moja: hayamtaji mtenda. Msiba humpata mtu, balaa humshukia, janga humfika. Mtu katika sentensi hizo ni yambwa siku zote. Msemaji akitaka kumtaja mtenda hana budi kuliacha neno la maafa na kutafuta kitenzi: kupiga, kuteka, kuchoma, kuua. Hapo ndipo msimuliaji aonyeshapo yuko upande gani. Kipimo kitakachotumika hapa ni hicho, nani amepewa kitenzi na nani ameachiwa nomino.

Kitabu cha kwanza kustahili kipimo hicho ni maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka wa 1905. Heinrich Brode aliyachapisha Berlin katika mwaka wa 1902 na 1903, na W. H. Whiteley akayatoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza, yakiwa nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki, mwaka wa 1958 na 1959. Walimu wa lugha wamekisifu sana kitabu hiki kwa nathari yake: sentensi fupi, mwendo mwepesi, hapana pambo lisilo na kazi. Sifa hizo ni za haki. Lakini wengi wa wasifuji wamesema pia kwamba mwandishi husimulia mambo makali kwa utulivu, bila chuki wala majivuno, kana kwamba utulivu huo ni fadhila ya tabia yake. Hapo yafaa kusita. Utulivu wa Tippu Tip haumo moyoni mwake tu. Umo katika sarufi ya safari.

Tazama vita vyake na Nsama wa Itahwa, kusini-magharibi ya ziwa, katika mwaka wa 1867. Nsama na watu wake hupewa kitenzi mara moja, mwanzoni, nacho ni kitenzi cha hila: wamewakaribisha wageni, kisha wakawashambulia. Baada ya hapo vitenzi vyote vya kutenda huhamia upande wa bunduki, na watu wa nchi hubakiwa na kukimbia na kutekwa. Kisha hufuata mizani. Pembe za ndovu huhesabiwa kwa frasila, na frasila ni kiasi cha ratili 35, wala haipotei hata moja katika hesabu ya mwandishi aliyekuwa mzee wakati alipoyaandika hayo. Waliokufa hawakupimwa kwa uangalifu huo. Si kwamba mwandishi aliwaficha. Mfanyabiashara mkubwa hakuwa na sababu ya kuficha jambo ambalo wenzake wangemsifu kwalo. Ni kwamba tarihi ya safari hujengwa kwa vituo, na kila kituo huulizwa maswali yale yale: nani mtawala wake, chakula kipo, bidhaa gani itokayo, njia yaendelea wapi. Ziwa ni mahali pa kuvuka na Ujiji ni mahali pa kupumzika. Maafa yaliyotokea katika kituo humalizika msafara uondokapo, kwa sababu msimuliaji ameondoka nao.

Linganisha na mrima. Watu wa pwani ya bahari walikuwa na utenzi wa vita tangu zamani za Tambuka, na utenzi una desturi ambayo safari haina: adui hunena. Barua hupelekwa na kurudishwa, wajumbe hubishana, jemadari atakayeshindwa hupewa beti zake. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alipotunga habari za Wadachi kutamalaki Mrima, na Abdul Karim bin Jamaliddini alipotunga habari za Maji Maji, kila mmoja kwa msimamo wake, wa pili akiwa hakuwapenda sana waasi, walikuta chombo tayari kilichoweza kubeba sauti zaidi ya moja. Mwambao wa Ziwa Tanganyika uliingia katika maandishi ya Kiswahili kwa mlango mwingine, mlango wa msafara. Tofauti hiyo ya umbo imeamua mengi kuliko tofauti ya utu baina ya watungaji.

Wala umbo la safari si mali ya Waswahili na Waarabu peke yao. Mwaka wa 1871 umeupa mji wa Ujiji sifa duniani kwa ajili ya salamu aliyoitoa Henry Stanley alipomkuta David Livingstone. Salamu hiyo imejengewa mnara na makumbusho, nayo hukaririwa hata na watu wasiojua Ujiji iko nchi gani. Lakini Livingstone alikuwa amefika Ujiji, muda mfupi kabla ya Stanley, akitoka Nyangwe, upande wa pili wa ziwa, ambako tarehe 15 Julai mwaka ule ule aliwaona watu wa misafara wakiwapiga risasi wachuuzi sokoni, wengi wao wanawake, na wengine wakizama mtoni Lualaba katika kukimbia. Karatasi zilikuwa zimemwishia. Aliandika habari hiyo juu ya gazeti la zamani kwa wino uliotengenezwa kwa matunda ya porini. Stanley ndiye aliyezichukua karatasi zake kwenda nazo Ulaya, na habari za Nyangwe zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyosukuma mkataba wa 1873 wa kulifunga soko la watumwa la Unguja. Basi habari yenye athari kubwa kuliko zote zilizopita Ujiji mwaka ule ilikuwa ya soko la Nyangwe, na habari iliyobaki vinywani ni ya wasafiri wawili kuvuliana kofia. Wanawake wa sokoni hawakumwandikia mtu barua.

Miaka 64 baadaye C. S. Forester alitoa riwaya yake The African Queen (1935), na mwaka wa 1951 John Huston akaifanya filamu pamoja na Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Hapana hadithi iliyotangaza vita vya ziwa hili kuliko hiyo, ingawa ziwa limepewa jina la kubuni na filamu ilipigwa picha Kongo na Uganda. Mambo ya kweli yaliyo nyuma yake yajulikana. Meli ya Kijerumani Graf von Götzen iliundwa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande na kutiwa katika makasha, ikaletwa Dar es Salaam, ikapandishwa reli iliyofika Kigoma mwaka wa 1914, ikashushwa majini Februari 1915. Waingereza nao walileta mashua mbili, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town, kwa reli na kisha kwa kuzikokota katika milima ya Katanga kwa injini za moshi, ng'ombe na mikono ya vibarua Waafrika. Mashua hizo ziliiteka meli ndogo Kingani Desemba 1915 na kuizamisha Hedwig von Wissmann Februari 1916. Götzen hazikuipata. Wajerumani wenyewe waliizamisha tarehe 26 Julai 1916 walipokuwa wakiiacha Kigoma, mashine zake zikiwa zimepakwa mafuta mazito zisiharibike. Waingereza wakaiopoa mwaka wa 1924 na kuirudisha kazini mwaka wa 1927 kwa jina la Liemba, ambalo Livingstone aliwahi kulisikia likiwa jina la ziwa upande wa kusini.

Riwaya ya Forester husemwa kuwa hadithi ya mapenzi na ushujaa isiyo na madhara. Kwa kipimo cha vitenzi, madhara yake yamo katika kurasa za kwanza. Jeshi la Kijerumani limekwisha kuwachukua wanakijiji wote wa misheni, pamoja na vyakula vyao, kabla hadithi haijaanza kwenda. Katika filamu nyumba zao huchomwa mbele ya macho ya mtazamaji. Ndugu wa Rose hufa kwa huzuni na homa. Kisha watu wa nchi hawarudi tena ila kwa mbali sana. Riwaya ya watu wawili ndani ya mashua yahitaji mto usio na watu, na vita ndivyo vilivyomfanyia mwandishi kazi ya kuwaondoa. Msomaji hasikii walipelekwa wapi. Tarihi yasema: walifanywa wapagazi, upande huu na upande ule, na makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita vya Afrika ya Mashariki, wengi zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Kikosi cha wapagazi cha Waingereza kimeacha jina Kariakoo, ambalo mjini Dar es Salaam sasa ni la soko na mtaa. Katika riwaya hiyo hapana hata jina.

Haki yataka jambo moja lisemwe kwa upande wa Forester. Katika kitabu mabomu ya mashujaa hayafanyi kazi yoyote. Dhoruba yaizamisha mashua yao, na meli ya adui huzamishwa na wanamaji wengine wasiowahusu. Mwandishi alijua kwamba vita haviwalipi watu kwa kadiri ya ushujaa wao. Filamu ililiondoa wazo hilo gumu, ikaifanya meli ijigonge kwenye mashua ya mashujaa na kulipuka, na watazamaji wakatoka sinema wakiwa wameridhika. Kwa hili kitabu ni bora kuliko filamu.

Watu wa miji ya bara walikuwa na namna yao ya kuisimulia vita hiyo hiyo, wala haikuwa kitabu. Ngoma ya beni, pamoja na vyama vyake vya Marini na Arinoti, iliiga gwaride, vyeo, sare na ala za askari, ikaenea pamoja na askari na wapagazi waliorudi, hata Kongo, T. O. Ranger aliitungia kitabu kizima mwaka wa 1975. Maofisa wa kikoloni waliiona kuwa mzaha au kuwa hatari, mara nyingine yote mawili. Jambo la kutazamwa na mwanalugha ni kwamba katika beni aliyekuwa akiamriwa ndiye aliyetoa amri. Kitenzi kilibadilishana mikono, ijapokuwa kwa jioni moja tu na ndani ya uwanja wa ngoma. Wahakiki wa fasihi wamewaachia wanatarihi jambo hili kwa urahisi mno.

Mtu wa ng'ambo ya ziwa alipewa kitenzi chake katika riwaya kwa namna ya kukumbukwa mwaka wa 1994, Abdulrazak Gurnah alipotoa Paradise, ambayo Ida Hadjivayanis ameitafsiri kwa jina la Peponi. Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepewa Tuzo ya Nobeli mwaka wa 2021, alirudi kwenye umbo lile lile la safari. Watafiti wameonyesha kwamba alichota katika habari za Waswahili alizozichapisha Carl Velten mwaka wa 1901, hasa safari ya Selemani bin Mwenye Chande. Msafara wa Aziz huvuka maji na kufika kwa mtawala Chatu. Bidhaa zanyang'anywa, watu wapigwa na kuuawa. Mpaka hapo mambo ni kama ya Tippu Tip, vituo na hila. Lakini Chatu hunena. Hueleza kwamba mfanyabiashara aliyetangulia aliwadhulumu watu wake, na kwa hiyo mali ya huyu ni malipo ya deni la yule. Uovu wa mkaaji umepewa sababu, na sababu yenyewe ni msafara uliopita. Kwa sentensi chache Gurnah amevirudishia vita wingi wake.

Hata hivyo maneno ya Chatu humfikia Aziz, na humfikia msomaji, kwa kinywa cha mkalimani Nyundo, na wasikiaji hawana hakika kama mkalimani atafsiri au aongeza. Wako walioliona hilo kuwa dosari ya riwaya. Si dosari. Ni uaminifu: mwandishi hakujifanya kuisikia lugha ambayo vitabu alivyovisoma havikuiandika. Naye Yusuf, ambaye macho yake ndiyo ya msomaji, ni mtu wa msafara. Huondoka, na kijiji cha Chatu hubaki nyuma mikononi mwa Mzungu mwenye askari.

Basi mkaaji yuko wapi? Jibu jepesi ni kusema kwamba mwambao haukusimulia maafa yake kwa kuwa haukuwa na waandishi. Jibu hilo halitoshi, na ushahidi wa kulikataa umo Kigoma kwenyewe. Baada ya mauaji ya mwaka wa 1972 katika Burundi watu wengi walikimbilia Tanzania. Wengine waliwekwa katika makazi yaliyotengwa, kama Mishamo, katika nchi iliyo sasa mkoa wa Katavi. Wengine wakaishi mjini Kigoma pasipo kutengwa. Liisa Malkki alikaa na makundi yote mawili katikati ya miaka ya 1980, na kitabu chake Purity and Exile kikatoka mwaka wa 1995. Aliyoyakuta yangepaswa kusomwa na kila mhakiki wa fasihi ya eneo hili. Mishamo watu walikuwa na masimulizi makubwa ya maafa, yenye mwanzo, mpango na maana, waliyoyarudia kwa maneno yanayofanana. Nalo jina mkimbizi walilichukua kuwa heshima. Kigoma watu wa asili ile ile hawakuwa na masimulizi hayo. Walioana na wenyeji, wakafanya biashara, wakajiita kwa majina mbalimbali kadiri siku ilivyohitaji, na jina mkimbizi wakaliepuka.

Lugha iliwasaidia. Kiha na Kirundi ni karibu sana, hata msemaji wa kimoja huelewa cha pili bila kufundishwa, na Kiswahili cha mjini kilifunika tofauti zilizobaki. Kwa sarufi, mkimbizi limeundwa kama mvuvi na mlinzi, majina ya watu kwa kazi zao. Alitajaye humfanya mtu awe mwenye kukimbia daima, hata akiwa ameketi mlangoni pake kwa miaka kumi na tano. Aliyekataa jina hilo alikataa kuwa mhusika katika hadithi moja tu. Kwa hiyo kimya cha mwambao si ukosefu wa fasihi. Mara nyingi ni uamuzi wa mtu anayekusudia kukaa, kwa maana masimulizi ya maafa humtenga msimuliaji na jirani zake, na mkaaji hawezi kumudu kutengwa. Msafiri huweza, kwa sababu anaondoka. Mwaka wa 2014 serikali ya Tanzania iliwapa uraia watu wapatao 162,000 miongoni mwa wale wa 1972 na vizazi vyao. Huenda wenye kukaa kwa hakika, baada ya hati hiyo, wakasimulia kwa namna ambayo si ya Mishamo wala si ya kimya cha Kigoma. Mhakiki atakayeingojea riwaya ya aina hiyo na aisubiri bila kuwadai waandishi wake waanze kwa damu.

Maafa hayakungoja. Vita vya Kongo vya mwaka wa 1996 viliwavusha watu ziwa kwa mitumbwi, na kambi ya Nyarugusu ikaanzishwa. Mwezi wa Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi walijikusanya katika ufuko mwembamba wa Kagunga, baina ya maji na mlima, na kipindupindu kikaingia. Liemba, meli ile ile ya makasha ya Papenburg, ilitumwa kuwachukua. Kagunga hapakuwa na gati, kwa hiyo watu walipelekwa kwa mitumbwi mpaka ubavuni mwa meli, kiasi cha 600 kwa kila safari, wakateremshwa Kigoma na kukusanywa katika uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambini. Magazeti ya kigeni yaliyoitaja meli hiyo aghalabu hayakukosa kuitaja pia filamu ya Bogart na Hepburn. Kwa Kiswahili, kitenzi kilichofaa kwa watu hao kilikuwa kusafirishwa. Mzizi wake ni safari, ule ule wa Tippu Tip na wa Selemani bin Mwenye Chande, ukiwa umetiwa kwanza kiambishi cha kusababisha na kisha cha kutendwa.